Propani haina ncha, basi inashikwa na nini mtungini?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tano, nasoma PCB (fizikia, kemia na biolojia). Nyumbani tunauza mitungi ya gesi, na mtungi uliojaa ukiutikisa unasikia kimiminika kinacheza ndani. Kaka yangu anaendesha bajaji inayotumia gesi asilia, na fundi alimwambia kwamba ndani ya tangi lake hamna hata tone, ni gesi tupu, ingawa imeshindiliwa kwa nguvu zaidi kuliko ya mtungi. Darasani tumeambiwa methani, propani na butani zote hazina ncha. Kama hazina ncha, propani inashikwa na nini mpaka iwe kimiminika? Kwa nini methani inakataa? Na je, gesi ya Songo Songo itawahi kujazwa kwenye mitungi ya jikoni?"

Marahaba, mwanangu. Fundi amesema kweli, na wewe umeona jambo ambalo wengi hulipita. Swali lako liliwahangaisha wakemia wa karne ya 19 kwa miongo kadhaa, na jibu lake kamili lilipatikana mwaka 1930 tu. Kwa hiyo nivumilie, sitalijibu kwa sentensi mbili.

Tuanze na hilo neno la darasani. Molekuli yenye ncha ni ile ambayo upande wake mmoja una chaji hasi kidogo na mwingine chaji chanya kidogo. Molekuli ya methani ina kaboni katikati na haidrojeni nne zimeizunguka kwa usawa kamili, kwa hiyo ukitafuta kitovu cha chaji hasi na kitovu cha chaji chanya unavikuta mahali pamoja. Propani ina mwegemeo wa chaji mdogo mno, chini ya sehemu moja ya ishirini ya ule wa maji, ndiyo maana walimu tunaihesabu kuwa haina ncha. Hayo yote ni sahihi. Lakini hiyo ni habari ya wastani. Inakueleza chaji zimekaaje ukizitazama kwa muda mrefu, haikuelezi zimekaaje katika nukta hii moja ya wakati.

Elektroni hazitulii. Methani ina elektroni 10, propani ina 26, na katika nukta yoyote uwezekano wa kwamba zimejigawa sawasawa pande zote ni mdogo sana. Kila mara upande mmoja wa molekuli huwa umezidiwa elektroni kidogo na upande wa pili umepungukiwa, yaani molekuli imepata ncha za kupita, ambazo hazidumu hata sehemu ya bilioni ya sekunde kabla hazijageuka. Molekuli ikiwa peke yake, jambo hilo halina matokeo yoyote. Ikiwa na jirani wa karibu, mambo hubadilika: ule upande uliozidiwa elektroni unazisukuma elektroni za jirani zisogee mbali, na jirani naye anapata ncha, huku upande wake wenye upungufu ukimtazama mwenzake. Hasi inaelekeana na chanya, na hapo kuna mvuto. Nukta inayofuata ncha zinageuka, lakini zinageuka kwa kufuatana. Ndicho kiini cha jibu lako: elektroni za molekuli mbili jirani hazichezi kila moja kivyake, zinapatana, na kupatana huko kunashusha nishati ya zote mbili.

Kuna mwanafunzi makini atakayeuliza: kama ncha zinageuka kila nukta, si mvuto na msukumo vingefutana? Vingefutana kama ncha za molekuli moja hazingejali za mwenzake. Kwa kuwa ncha ya pili inazaliwa na ya kwanza, mpangilio wa kuvutana hutokea mara nyingi kuliko ule wa kusukumana, na kinachobaki baada ya kujumlisha ni mvuto. Daima ni mvuto, hadi molekuli zikaribiane kiasi cha mawingu ya elektroni kuanza kuingiliana, na hapo ndipo zinaposukumana kwa nguvu.

Aliyelithibitisha hili kwa hesabu ni Fritz London, mwanafizikia aliyezaliwa Breslau mwaka 1900. Mwaka 1930, akiwa na Robert Eisenschitz, aliitumia fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomi na elektroni, iliyokuwa bado changa na kuonyesha kwamba hata atomi mbili za heliamu, duara kabisa, lazima zivutane. Miaka mitatu baadaye alilazimika kuihama Ujerumani kwa sababu alikuwa Myahudi, akapitia Oxford na Paris, akaishia Marekani alikofia mwaka 1954. Hoja yake ninaipenda kwa wepesi wake. Chukua molekuli mbili, kila moja wingu lake la elektroni linatikisika kwa mdundo wake. Kwanta inasema mtikisiko huo hauishi hata kwenye baridi ya mwisho kabisa, nyuzi -273 za Selsiasi. Kuna kiasi cha nishati kisichoweza kuondolewa. Ukizikaribisha, midundo miwili inaathiriana: mmoja unapungua kasi, mwingine unaongezeka, lakini kupungua kunazidi kuongezeka. Jumla ya nishati inashuka, na mfumo wowote ambao nishati yake inashuka vitu vinapokaribiana ni mfumo wenye mvuto. Ndiyo maana vitabu vinaziita kani za London. Kabla yake, mwaka 1873 huko Leiden, Uholanzi, mwanafizikia Johannes van der Waals alikwishaona kwamba gesi halisi zinafanya mambo yasiyoelezeka bila kudhani kuna mvuto kati ya molekuli, na alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1910, lakini chanzo cha mvuto huo kwa molekuli zisizo na ncha hakukijua.

Hesabu ya London inatoa mambo mawili unayopaswa kuyashika. La kwanza ni umbali. Nguvu ya umeme ya ncha ya kupita inapungua kwa kipeo cha tatu cha umbali ikienda kwa jirani, na ncha inayozaliwa kwa jirani inajibu kwa kipeo cha tatu tena ikirudi, kwa hiyo nishati ya mvuto inapungua kwa kipeo cha sita. Ukiongeza umbali mara mbili, mvuto unabaki sehemu moja ya 64. Ukiuongeza mara tatu, unabaki sehemu moja ya 729. Kani hizi ni za majirani wanaogusana. Katika gesi ya kawaida molekuli ziko mbalimbali mno na kani ni kama haipo. Ukizishindilia zikagusana, ndipo inapoamka.

La pili ni ulaini wa wingu la elektroni, yaani wingu linavutika upande mmoja kwa urahisi gani. Hapa ndipo methani na propani zinapoachana.

Sasa tuingie mtungini. Mchana wa Dar es Salaam, nyuzi 30, nishati ya mtikisiko wa joto ni kama kilojuli 2.5 kwa moli (kipimo cha kemia cha idadi ya molekuli). Molekuli mbili za methani zinapogusana mvuto wao unazipa kati ya kilojuli 1 na 2 tu. Unaona mwenyewe nani atashinda. Zinagongana, zinavutana kidogo, joto linazitenganisha, na hata ukizishindilia ndani ya tangi la bajaji hadi mara 200 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta, hazigeuki kimiminika. Zinakuwa gesi nzito iliyobanwa. Propani ina kaboni tatu badala ya moja, elektroni nyingi zaidi, na uso mkubwa zaidi wa kugusana na jirani. Kuitoa moli moja ya methani kwenye kimiminika chake kinapochemka kunagharimu kilojuli 8 hivi. Propani inagharimu 19. Mvuto huo unatosha kushindana na joto la mchana wetu, ilimradi uzisogeze molekuli karibu, na kwa propani mgandamizo wa mara kumi na moja hivi wa hewa ya kawaida unatosha. Butani haihitaji hata mara tatu.

Kuna mpaka wa joto ambao ukishauvuka, hakuna mgandamizo wowote utakaokupa kimiminika. Thomas Andrews aliuonyesha mwaka 1869 kwa kaboni dayoksaidi, ambayo mpaka wake ni nyuzi 31. Mpaka wa methani ni nyuzi -83. Wa ethani ni nyuzi 32, kwa hiyo mtungi wa ethani ungekuwa na kimiminika asubuhi Dar es Salaam na saa nane mchana ukawa na gesi tupu. Wa propani ni nyuzi 97 na wa butani ni 152, mbali kabisa na joto lolote la jikoni au la ghala. Hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini ni propani na butani ndizo zilizochaguliwa kwa mitungi. Michael Faraday, aliyefaulu kuigeuza klorini kimiminika mwaka 1823, aliendelea na gesi moja baada ya nyingine, na kufikia mwaka 1845 zilibaki sita zilizomshinda: haidrojeni, oksijeni, nitrojeni, methani, monoksidi ya kaboni na oksidi ya naitriki. Watu wakaziita gesi za kudumu. Kosa halikuwa kwenye mgandamizo, lilikuwa kwenye joto. Zote sita zina elektroni chache na mvuto mdogo, zinataka baridi kali. Kati ya gesi zote, ya mwisho kukubali ilikuwa heliamu, yenye elektroni mbili tu zilizoshikwa sana na kiini chake. Heike Kamerlingh Onnes aliigeuza kimiminika huko Leiden Julai 1908, kwenye nyuzi -269.

Nyumbani kwenu kuna jaribio la kuzitazama kani hizi kwa macho, na halihitaji maabara. Mteja mwenye mgahawa anapofungulia jiko kubwa kwa muda mrefu, gusa mtungi wake kwa nje. Sehemu ya chini ni baridi, na mara nyingi imelowa jasho hadi usawa fulani, kisha juu yake ni pakavu. Usawa huo ndipo kimiminika kilipoishia. Kila molekuli inayotoka kwenye kimiminika kwenda kwenye bomba inabidi ijinasue kwa majirani zake wote kwa wakati mmoja, na nishati ya kujinasua inaitoa kwenye kimiminika chenyewe, ambacho nacho kinainyonya kwenye chuma na hewa ya nje. Kilo moja ya propani ikigeuka gesi kwenye joto la kawaida inanyonya karibu kilojuli 340, zinazotosha kuipandisha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100. Lile jasho ni kani za London zikidai malipo. Na angalia jambo jingine: hakuna kifungo hata kimoja cha kaboni na haidrojeni kilichovunjika. Vifungo hivyo vinavunjika kwenye moto wa jiko, ambako moli moja ya propani inatoa zaidi ya kilojuli 2,200. Wanafunzi wengi wanachanganya mambo haya mawili kwenye mtihani, wanaandika kwamba kuchemsha kunavunja vifungo vya kovalenti, yaani vile vinavyoshikilia atomi ndani ya molekuli. Usiwafuate.

Sasa kuna maelezo yanayopendwa sana mashuleni ambayo ningependa uyaache: kwamba kani hizi huongezeka "kwa sababu molekuli ni nzito". Uzito hauhusiki. Heksani ina uzito wa molekuli 86 na inachemka kwenye nyuzi 69. Badilisha haidrojeni zake zote 14 uweke florini, uzito unapanda hadi 338, na kiwango cha kuchemka, badala ya kupanda, kinashuka hadi nyuzi 57 hivi. Hata idadi ya elektroni peke yake haitoshi kueleza, maana zimetoka 50 zikafika 162. Sababu ni kwamba kiini cha florini kinazibana elektroni zake kwa nguvu, wingu lake ni gumu, halisukumiki. Ndiyo hiyo hiyo inayofanya kikaango chenye Teflon kisishike yai: Teflon ni mnyororo wa kaboni uliofunikwa florini kila upande, na haina mawingu laini ya kuvutana na chochote. Kwa molekuli za aina moja, kama methani, ethani, propani na butani, uzito na elektroni laini huongezeka pamoja, ndipo kanuni ya uzito inapoonekana kama kweli. Klorini ni gesi, bromini ni kimiminika, iodini ni yabisi, na zote tatu hazina ncha; kinachozitofautisha ni ukubwa na ulaini wa mawingu yao.

Umbo nalo lina nguvu kuliko wanavyolipa nafasi. Butani ya mnyororo ulionyooka inachemka kwenye -0.5. Ipange kaboni nne hizo hizo kwa tawi, elektroni zilezile 34, nayo inachemka kwenye nyuzi -12. Kwa pentani tofauti ni kubwa zaidi: iliyonyooka nyuzi 36, iliyojikunja kuwa kama mpira nyuzi 9.5. Mnyororo ulionyooka unalala ubavu kwa ubavu na jirani na kugusana sehemu nyingi. Mpira unagusana na mpira mwenzake mahali padogo, na kwa sababu ya kile kipeo cha sita, sehemu zisizogusana hazina mchango wa maana. Mambo haya yana watu wanaoyaishi. Mtungi wenye butani nyingi ukipelekwa Makete, asubuhi ya Julai yenye baridi inayokaribia kuganda, moto unakuwa mdogo hata kama mtungi ni mpya, kwa sababu butani haina haraka ya kutoka kwenye kimiminika kwa baridi hiyo. Mteja anadhani ameibiwa gesi. Mweleze kwamba gesi ipo, na asithubutu kuupasha mtungi kwa moto. Auhamishie mahali penye joto la kawaida.

Kwenye vitabu utasoma pia kwamba kani za London ndizo dhaifu kuliko zote. Ni kweli ukilinganisha mguso mmoja na kifungo kimoja cha haidrojeni. Ukiifanya kanuni ya jumla inakupoteza. Linganisha klorofomu, ambayo ina ncha, na kaboni tetrakloridi, ambayo haina. Klorofomu inachemka kwenye nyuzi 61, ile isiyo na ncha kwenye 77, kwa sababu klorini ya nne imeleta elektroni laini nyingi kuliko faida ya zile ncha zilizopotea. Au chukua haidrojeni kloridi, bromidi na iodidi: kadiri unavyoshuka ncha zinapungua, lakini kiwango cha kuchemka kinapanda kutoka -85 hadi -67 hadi -35. Hata kwenye molekuli zenye ncha, mara nyingi anayebeba mzigo mkubwa ni London. Kisha tazama bidhaa za mafuta ghafi ambazo unazijua zote: gesi ya mtungi, petroli, mafuta ya taa, dizeli, mafuta ya mgando ya kupaka, mshumaa, hadi lami ya barabarani. Kwa sehemu kubwa ni kaboni na haidrojeni tu, karibu hazina ncha, na kani inayozishikilia ni hiyo hiyo moja. Mnyororo unavyorefuka, miguso inaongezeka, mpaka lori la tani 30 linapita juu yake. Siwezi kuiita kani hiyo dhaifu bila kuongeza maneno.

Kwenye mtihani, ukiulizwa kwa nini propani inachemka kwa nyuzi -42 na methani kwa -161, andika elektroni, ulaini wa wingu na eneo la kugusana. Ukiishia kuandika "ni kubwa zaidi" umeeleza nusu.

Nimalizie na Songo Songo. Gesi ya kisiwa kile, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika kibiashara mwaka 2004, karibu yote ni methani. Kwa hiyo unajua tayari kinachofuata: kwenye joto la jikoni haiwezi kuwa kimiminika, na mtungi wa kawaida wenye ukuta mwembamba hauwezi kuihimili ikiwa gesi iliyobanwa kiasi cha kukutosha kupikia wiki kadhaa. Njia zilizobaki ni tatu. Kuisafirisha kwa bomba, kama inavyofika Dar es Salaam. Kuibana kwenye matangi mazito, kama la bajaji ya kaka yako. Au kuipoza hadi nyuzi -162, ambako hata kani ndogo ya methani inalishinda joto lililobaki, na ujazo unapungua karibu mara 600. Hiyo ndiyo hesabu iliyo nyuma ya kiwanda kinachokusudiwa kujengwa Lindi kwa ajili ya gesi ya bahari kuu. Lakini tangi la baridi hiyo linahitaji kuta mbili na kizuizi kikubwa cha joto katikati, halikai pembeni ya jiko, na kila siku linachemka kidogo hata likiachwa bila kutumika. Propani na butani za mitungi yenu zinataka chanzo kingine, mafuta ghafi au gesi yenye minyororo mirefu zaidi, na kwa kuwa gesi yetu inayo kidogo sana, mnayouza nyumbani inaletwa kwa meli hadi bandari za Dar es Salaam na Tanga.